Ua la Mwambani Ndani ya Chungu

Ezekia alikuwa amenyoa ndevu. Hilo peke yake liliwatosha wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale ufukweni Matema wakonyezane, maana mwendesha boti ya vyungu hanyoi siku ya Alhamisi bila sababu. Na kama ndevu zisingetosha, alikuwa amevaa shati la kanisani, lile la samawati, akalichomekea vizuri kwenye suruali iliyokunjwa hadi magotini. Mwanamke mmoja alimuuliza kama boti leo inaenda arusini. Alijibu kwamba bado, leo inafanya mazoezi tu.

Pikipiki ilipomshusha Tusajigwe, mkoba mgongoni na mbao zake za kubania mimea zimefungwa kwa kamba, utani wote ukamwishia Ezekia. Tangu Krismasi hawakuwa wameonana. Alitamani kumkumbatia, lakini macho ya ufukwe mzima yalikuwa juu yao, na huku kwao hukumbatii binti wa watu mchana kweupe kabla wazee hawajakaa kitako. Akampokea zile mbao. Vidole vyao vikakutana kwenye kamba na kukaa pale muda mrefu kuliko mbao zilivyohitaji.

"Ugonile, Tusa."

"Ndaga. Limechanua?"

Ezekia alicheka. Alikuwa amempenda mwanamke ambaye salamu kwake ni njia ya kufikia swali, na alishazoea. Akamwambia bado, ila tumba limeanza kuonyesha rangi, na huenda likafunguka leo hii hii.

"Rangi gani?"

"Nikikwambia utageuza urudi Dar."

Tusajigwe alimpiga begani kwa kofia, na wanawake wa dagaa wakapata cha kuzungumza mpaka jioni.

Alikuwa binti wa mzee Ambilikile wa Ipyana, mkulima wa mpunga na kakao, na kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza nyumbani. Alifanya kazi kwenye jumba la mimea mikavu la chuo kimoja Dar es Salaam, na alizunguka milimani na mabondeni akitafuta mimea ambayo nchi inayo lakini haijui kwamba inayo. Aliikausha, akaiandika, ikaingia kwenye orodha ya mimea ya Tanzania. Baba yake aliwaeleza majirani kwamba binti yake anahesabu magugu ya serikali, na walipocheka alikasirika.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta kwenye milima iliyo juu ya ziwa miaka miwili nyuma, akamkodi kijana mwenye boti ampeleke ng'ambo ya ghuba. Yule kijana alipaswa kumsubiri chini. Hakusubiri. Alisema mkoba ni mzito, akapanda naye, na ndiyo maana alikuwepo pale Tusajigwe alipopiga magoti mbele ya mwamba uliolowa kwa manyunyu ya maporomoko na kuanza kusema peke yake. Kwenye majani mororo yanayofunika mwamba ulilala mmea wenye jani moja tu, pana kama kiganja, lenye vinyweleo. Mimea yenyewe ilikuwa michache, imejibana pamoja upande mmoja. Mmea wa namna hiyo huishi na jani hilo hilo maisha yake yote, hutoa ua mara moja, humwaga mbegu, kisha hufa. Jamaa zake wanajulikana. Huu haukufanana na yeyote kati yao. Lakini haukuwa na ua siku ile, na bila ua hakuna mtaalamu atakayekubali kuuita mpya.

"Kwa hiyo hauna jina?" Ezekia aliuliza.

"Hauna, mpaka nilione ua."

"Basi na mimi nitapanga foleni nyuma yake, nikungoje," alisema, na Tusajigwe alipogeuka kumtazama, alimkuta hacheki.

Mwaka uliofuata ua lilitoka. Ezekia alipiga simu, lakini Tusajigwe alikuwa kazini Katavi, barabara zimeoza kwa mvua, na alipofika mwambani mvua ilikuwa imeyapiga maua hadi yakawa uji. Alikaa pale akalia kama mfiwa. Ezekia alimfuta machozi kwa mkono wenye harufu ya petroli, na siku ile ndiyo waliyoahidiana. Ua likishaandikwa, posa itakwenda Ipyana.

Posa yenyewe ilikuwa keshokutwa, Jumamosi. Mjomba Wilson, atakayekuwa mshenga, alikuwa ameazima koti. Kilichobaki ni ua.

Ndani ya boti Tusajigwe alikaa mbele, uso kwa nyuma, ili amwone mtu wake badala ya ziwa. Alimwona akiendesha kwa mkono mmoja na kutabasamu peke yake, tabasamu la mtu aliyeficha kitu mfukoni. Alijisikia ana furaha mpaka akaiogopa. Kuna jambo moja tu ambalo hakuwa amemwambia, nalo lilikuwa la baba. Krismasi, alipotaja jina la Ezekia mezani, mzee Ambilikile aliweka kijiko chini akasema watu wa ufukweni hawajui kutunza kitu kinachoota. Wanajua samaki na udongo. Nyumba haina hata mgomba mmoja, mwanangu atakaa kivuli gani? Baadaye mama yake, Anyisile, alizungumza na mzee miezi mizima, usiku na mchana kama maji ya bomba bovu, na mzee akakubali kuwapokea wageni. Kuwasikiliza tu, alisema. Tusajigwe aliyachukua yale maneno ya Krismasi akayafungia ndani. Hakutaka yamfikie Ezekia kamwe.

Alimwomba waende moja kwa moja kwenye njia ya mlimani. Ezekia alisema kwanza wamsalimie mama.

Kijiji chao ni cha wafinyanzi, kimebanwa kati ya mlima na maji, na siku ile moshi mweupe ulionekana tangu mbali. Mama Naomi alikuwa anachoma vyungu. Alikuwa amevipanga uwanjani, akavifunika kwa kuni na nyasi, na moto ulikuwa umekolea ndani. Katikati ya rundo, alimwonyesha Tusajigwe kwa mti mrefu aliokuwa ameushika, kulikuwa na chungu kikubwa kuliko vyote. Alikifinyanga kwa muda mrefu, akakinakshi kwa udongo mwekundu na mweupe. Kilikuwa cha Anyisile. Jumamosi mjomba Wilson angekibeba mbele ya wote, maana yeye Naomi hawezi kumtuma mwanawe kwa watu mikono mitupu.

"Ndaga fijo, mama, asante sana," Tusajigwe alisema, na macho yakamlowa. Akasingizia moshi.

"Haya, njoo," Ezekia alisema. Hakuweza kungoja tena. Alimshika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampeleka nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha paa.

Vyungu vidogo vipya vilipangwa pale kwa mstari, kila kimoja kimenakshiwa. Ndani ya kila chungu kulikuwa na jani moja.

Tusajigwe alipiga magoti. Majani mengi yalikuwa ya njano kingoni, mengine yamelegea kama mchicha ulioivishwa mno. Mmea mmoja tu, mwishoni mwa mstari, ulikuwa umesimama vizuri, na bua jembamba lilikuwa limetoka kwenye shina la jani likiwa na matumba mawili.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Pale pale kwetu, mwambani. Nimeyachimba na majani yake mororo ya chini, nisiyashtue. Namwagilia asubuhi na jioni. Haya ndiyo mahari yangu kwako, Tusa. Ya baba yako ni mengine."

"Umebakiza mangapi kule juu?"

"Sikubakiza. Ningebakiza ili yapigwe na mvua tena, wewe uje ulie?"

Alisema kwa fahari. Fahari ile ndiyo iliyomuumiza Tusajigwe kuliko kitu kingine, kwa sababu alijua hata wakati ule kwamba mtu huyu alikuwa amempa kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupewa, na kilikuwa kinakufa mbele yake.

"Ezekia, hayo ndiyo yalikuwa yote. Tanzania nzima. Kwa tunavyojua, dunia nzima."

"Ndiyo. Na sasa yako nyumbani."

Akajaribu kumweleza. Kuandika mmea si kuandika ua peke yake. Ni kusema unaota wapi, kwenye mwamba gani, maji yanaupigaje, jirani zake ni akina nani. Ulioko chunguni ni pambo. Sasa aandike nini, kwamba mmea wa nchi unaota nyuma ya jiko la Mama Naomi? Na maji yale ya asubuhi na jioni ndiyo yaliyouozesha, kwa sababu huu hunywa manyunyu, haupendi kulowekwa. Sauti yake ilianza chini ikapanda, kama inavyokuwa mtu anapomweleza mwenzake kitu huku anataka kulia.

"Wewe mwenyewe ulisema," Ezekia alijibu. Fahari ilikuwa imemtoka usoni.

"Nilisema nini?"

"Mwaka jana, pale juu. Ulisema laiti lingeota mlangoni kwangu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, Tusa."

"Hata kama nilisema. Mtu akilia hasemi maagizo. Ungeniuliza. Una simu, kila jioni unasimama pale kanisani kwenye mtandao tunaongea, ungeniuliza."

"Ningekuuliza, isingekuwa zawadi."

Mama Naomi alikuwa amesogea hadi kona ya jiko, mti wake mkononi. "Wanangu," alisema taratibu, "vyungu viko motoni."

Katika nyumba ile, tangu kwa bibi yake Naomi, watu hawakugombana vyungu vikiwa motoni. Waliweza kugombana kabla na baada, na walifanya hivyo vizuri tu, lakini moto ukiwaka, mwenye neno chungu alikwenda nalo ziwani akalitema huko. Tusajigwe aliijua desturi hiyo. Ezekia ndiye aliyemsimulia, wakacheka. Na alimsikia mama. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alimsikia vizuri kabisa na hakunyamaza.

"Baba alinionya," alisema. "Alisema watu wa ufukweni hawajui kutunza kitu kinachoota. Mnajua samaki na udongo. Nilimbishia baba yangu mzazi kwa ajili yako, Ezekia. Kumbe alisema kweli."

Ulimi hauna mfupa. Maneno aliyoyafungia tangu Krismasi yalitoka yote kwa pumzi moja, na hayakumfikia Ezekia peke yake. Mama Naomi alikuwa amesimama pale pale, na ndiye aliyelifua shati la kanisani la mwanawe.

Kwenye moto kitu kililia, mlio mfupi na mzito. Mama Naomi aligeuka akaenda kufukunyua nyasi kwa mti wake.

"Hayo baba yako aliyasema lini?" Ezekia aliuliza.

"Krismasi."

"Na kila jioni ulikuwa unanipigia, unayo?"

Tusajigwe aliinamia vile vyungu vidogo.

"Mimi ungenitukana tungeyamaliza," Ezekia alisema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Ningenuna mpaka jioni, ungenichokoza, yakaisha. Lakini mama yuko hapa."

Tusajigwe aliokota mkoba wake akashika njia ya mlimani peke yake. Alijiambia anakwenda kuona kama kuna hata mmea mmoja uliobaki. Ukweli ni kwamba alishindwa kusimama pale.

Njia ilikuwa imeota majani, hakuna aliyeipita tangu mvua kubwa. Hasira ilimbeba hadi kwenye kijito cha kwanza. Alipoinama kunywa, harufu ya jiwe lililolowa ikampanda puani, na hapo akakumbuka. Alikuwa amekaa kule juu mwambani, pua imejaa, kichwa begani kwa Ezekia, akasema laiti ua hili lingeota mlangoni kwako ningelikuta. Alisema hivyo hivyo. Alikuwa hata ameongeza kwamba wewe ungelilinda.

Akaendelea kupanda polepole, kwa sababu sasa hakuwa na hasira ya kumsukuma. Alianza kupanga maneno ya kuomba radhi. Alipofika mahali ambapo maporomoko husikika, hayakusikika. Alipotokeza kwenye uwazi, hakuukuta mwamba.

Mlima ulikuwa umeshuka. Kipande kizima cha mteremko kilikuwa kimekatika na kuburuta miti, mawe na ule ukuta uliolowa hadi bondeni, na pale waliposimama wawili mwaka jana kulikuwa na udongo mwekundu mbichi, maji yakipita upande mwingine kama hayajawahi kupajua. Tusajigwe alikaa juu ya gogo. Maporomoko ya udongo yalikuwa ya karibuni, mizizi ya miti ilikuwa bado haijakauka. Ezekia hakujua. Alichimba mimea yake akashuka kabla mlima haujakatika, na baada ya hapo hakuwa na sababu ya kurudi. Kama angeuacha pale, kama mtaalamu yeyote angemwamuru auache, leo usingekuwepo hata wa njano.

Hilo halikumfanya Ezekia awe sahihi. Alikosea, kosa likaangukia kwenye bahati, basi. Lakini Tusajigwe alipokuwa akishuka, akiteleza na kushika matawi, hakuwa akifikiria nani alikosea. Alikuwa anamfikiria mwanamume aliyepanda peke yake kwenye mvua, akachimba kwa vidole ili asikate mzizi, akabeba jani moja moja kifuani hadi chini kwa ajili ya machozi ya mwaka jana. Nani tena katika maisha haya atamfanyia hivyo? Alitaka kumwambia jambo hilo kabla hajavuta pumzi ya pili. Alikimbia mahali pasipokimbilika.

Boti haikuwepo.

Mama Naomi alikuwa amekaa kwenye kigoda akipangusa majivu kwenye vyungu vilivyotoka motoni. Chungu kikubwa kilikuwa pembeni yake. Kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, umepita katikati ya nakshi nyekundu.

"Ameenda wapi, mama?"

"Amepakia vyungu vya wiki iliyopita. Amevuka, upande wa Ludewa."

"Anarudi lini?"

"Mwenye boti hurudi vyungu vikiisha."

"Na Jumamosi?"

"Amepita kwa mjomba wake. Amemwambia arudishe koti la watu."

Tusajigwe alipiga magoti kwenye majivu. Alisema kila kitu, mlima ulivyokatika, na kwamba yale maneno ya mlangoni aliyasema kweli. Alisema hakuja kumsifia Ezekia kwamba alifanya sawa. Amekuja kusema kwamba yeye alisema vibaya, kwa mtu asiyeyastahili, mbele ya mtu asiyeyastahili zaidi. Mama Naomi alimsikiliza mpaka mwisho huku mkono wake ukiendelea kupangusa.

"Vyungu hupasuka, mwanangu," alisema. "Udongo ukiwa na kijiwe kimoja tu, umekwisha, hata nyumba iwe na amani ya malaika. Sisemi ni maneno yako. Lakini Ezekia alikuwa amesimama pale, akakisikia. Na hiki ndicho alichotaka kwenda nacho kwa mama yako."

"Ungemwambia angoje, mama."

"Nilitaka. Nilinyanyuka kabisa. Halafu nikajiuliza, nitamwambia angoje nini? Wewe ulikwenda mlimani kuangalia majani."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Tusajigwe akauliza, kwa sauti ndogo, kama amemsamehe.

"Mimi nimezeekea kwenye moto, mambo mengi yananipita. Nilikusamehe ungali unaongea." Mama Naomi aliweka chungu chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Ila si mimi uliyetaka kuolewa naye."

Kisha akamwambia aende nyuma ya jiko, ua lake limefunguka. Ezekia ameacha agizo kwamba alichukue.

Lilikuwa zambarau iliyopauka, karibu na nyeupe, na kooni lilikuwa na mistari ya njano iliyoingia hadi ndani. Ndiyo rangi ambayo Ezekia hakutaka kumwambia asubuhi, ili aone uso wake atakapoiona. Tusajigwe aliitazama muda mrefu, na uso wake haukuwa na mtu wa kuuona.

Mikono yake ilijua kazi hata kama moyo haukuwepo. Alipiga picha, akapima, akaandika. Jani moja lililokwisha kufa alilikausha kwenye mbao zake. Ua lililofunguka alilikata akalitia kwenye chupa ndogo ya spiriti, na tumba la pili akaliacha kwenye bua lake, maana hilo ndilo pekee litakalotoa mbegu. Alimweleza Mama Naomi asimwagilie tena. Anyunyize tu kwa vidole, asubuhi, pembeni ya jani, na kitumba cha mbegu kikikauka akikunje kwenye karatasi, kwa sababu mbegu ni kama vumbi. Alikuwa anasema akitazama chini.

"Nitalitunza," Mama Naomi alisema.

Jirani mmoja aliyekuwa anakwenda kuuza samaki alimvusha. Jua lilikuwa limeshuka juu ya maji, na kila boti iliyotokea mbali Tusajigwe aliikazia macho mpaka akaona si yenyewe. Alipokanyaga mchanga wa Matema simu ikaita hata kabla hajavaa viatu. Ilikuwa ya baba yake.

"Tusa, nakutafuta tangu mchana," mzee Ambilikile alisema. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao hakuuzoea. "Mama yako anauliza wageni watakuwa wangapi. Nimemwambia apike tu, wageni hawahesabiwi, lakini unamjua. Na yule ng'ombe dume mweusi nimeshamfunga pale nyuma. Usimwambie mtu, nataka waone wenyewe."

"Tata," Tusajigwe alisema.

"Ngoja nimalize. Nimemwambia mdogo wako Gwamaka anichimbie machipukizi ya migomba, yale mazuri ya bondeni. Yule kijana si ana boti? Basi arudi nayo. Nyumba ya mwanangu haiwezi kukosa kivuli nikiwa hai. Kama hajui kupanda nitakwenda mwenyewe nimwonyeshe, nami nitamwomba anifundishe kuvua."

Tusajigwe alikaa chini kwenye mchanga. Wanawake wa dagaa walikuwa wanakusanya mikeka yao, na yule aliyeuliza habari za arusi asubuhi alianza kusema neno, akamwona usoni, akalimeza.

"Wageni hawaji, Tata."

Ilibidi aeleze, na alieleza yote, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuchagua. Alipofika kwenye yale maneno ya Krismasi aliyasema kama yalivyosemwa, na akasema aliyasema mbele ya nani.

"Niliyasema nikiwa na hasira," baba yake alisema. "Mimi nilishayasahau zamani, mwanangu. Wewe ulikuwa unayatunza ya nini?"

Nyuma ya pumzi ya baba yake Tusajigwe alisikia jembe likipiga udongo, likanyamaza, likapiga tena. Gwamaka alikuwa bado anachimba.